Kuandaa Simon Boccanegra jukwaani: anzeni na nani anajua nini

Swali: Mimi ni msaidizi wa mwongozaji katika jumba dogo la opera hapa Ujerumani. Msimu ujao tunaandaa Simon Boccanegra ya Giuseppe Verdi. Nimesoma maneno yake mara kadhaa na bado wahusika wananichanganya, kwa hiyo nahofia watazamaji watapotea kabisa. Kwaya yetu ina wanaume 18 na wanawake 18, jukwaa lina upana wa mita 12, na hatuna fedha za kubadilisha mandhari kila tendo. Tuanzie wapi, na ni mambo gani huwa yanaharibika?

Jibu: Ndugu msomaji, weka kando michoro ya mandhari kwanza. Chukua karatasi kubwa. Upande mmoja andika Simon, Fiesco, Amelia, Gabriele na Paolo. Juu andika sehemu tano za opera: utangulizi, bustani, ukumbi wa Baraza, chumba cha Doge, na ukumbi wa mwisho. Katika kila kisanduku jaza jambo moja tu: mtu huyu, kwa wakati huu, anajua nini kuhusu wenzake? Karatasi hiyo ndiyo mpango wenu wa jukwaa. Opera hii inasemwa kuwa haieleweki, lakini hadithi yake inashikika vizuri mtazamaji akiona siri zinavyotunzwa na zinavyovuja. Waandaaji wengi humaliza fedha kwa kuonyesha ukuu wa dola, na siri zenyewe wakaziachia maandishi ya tafsiri yanayopita juu ya jukwaa.

Kabla ya yote hakikisheni mnakodi noti za toleo la 1881. Opera ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1857 katika Teatro La Fenice, Venice, kwa libreto, yaani maneno ya opera, ya Francesco Maria Piave iliyotokana na tamthilia ya Mhispania Antonio García Gutiérrez. Haikupokelewa vizuri. Miaka mingi baadaye Verdi aliirudia pamoja na mshairi Arrigo Boito, na toleo jipya likafunguliwa La Scala, Milan, tarehe 24 Machi 1881. Onyesho la ukumbi wa Baraza, ambalo ndilo moyo wa kazi nzima, limo katika toleo hili la pili tu. Mchapishaji wake, Giulio Ricordi, aliliandalia kitabu cha maelekezo ya jukwaa, chenye michoro ya nani anasimama wapi. Kitafuteni. Si lazima mkifuate, ila kitawaonyesha matatizo ambayo watu wa 1881 walikuwa wameshayaona.

Sasa jazeni karatasi. Utangulizi ni usiku, Genoa, karne ya 14. Simon, nahodha wa vita aliyewafukuza maharamia katika bahari ya mji, amezaa na Maria, binti wa mkabaila Jacopo Fiesco. Fiesco amemfungia binti huyo ndani ya jumba lake. Paolo na Pietro, watu wa kawaida wa mji, wanampigia Simon debe awe Doge, yaani mkuu wa jamhuri, naye anakubali kwa sababu moja: akishika cheo hicho, Fiesco hataweza kumnyima Maria. Hajui kwamba Maria amefariki usiku huohuo. Fiesco anajua, na wanapokutana uwanjani hasemi. Anachodai ni mjukuu wake wa kike. Simon anakiri kwamba mtoto amepotea, na Fiesco anamgeuzia kisogo. Simon anaingia jumbani, anakuta maiti, anatoka akiyumba, na papo hapo umati wenye mienge unamshangilia mtawala mpya.

Inapita miaka 25. Fiesco anaishi kwa jina la Andrea pamoja na Amelia, yatima aliyelelewa kwa jina la ukoo wa Grimaldi. Fiesco hajui kwamba Amelia ndiye mjukuu wake. Amelia anapendana na Gabriele Adorno, kijana anayemchukia Doge kwa kifo cha baba yake. Katika bustani Simon na Amelia wanatambuana kuwa ni baba na mwana. Kuanzia hapo karatasi yenu inakuwa na thamani kubwa. Ni wao wawili tu wanaojua. Gabriele anapata habari karibu na mwisho wa tendo la pili, akiwa tayari ameinua jambia. Fiesco anapata habari katika tendo la tatu, sumu ikiwa imeshaingia mwilini mwa Simon. Kila ugomvi wa kisiasa katika opera hii unachochewa na mtu ambaye hajui jambo moja la kifamilia. Mwongozaji akilishika hilo, hatakuwa na haja ya kueleza siasa za Genoa.

Tuje kwenye vitendo. Utambulisho wa bustanini unategemea picha mbili za Maria marehemu, moja ya Amelia na moja ya Simon. Kosa la kawaida ni kutumia vidani vidogo vya mapambo ambavyo kuanzia safu ya tano hakuna anayeviona. Tengenezeni vidani viwili vinavyofanana, vyenye kipenyo cha sentimita 7 au 8, vya rangi inayoshika mwanga, na cheni ndefu ya kutosha kukivua bila kupambana na kola. Kisha, na hili ndilo muhimu, mwonyesheni Simon akiwa na chake katika utangulizi: akishike anapotajiwa jina la Maria. Mtazamaji atakapokiona tena shingoni mwa Amelia mwanzoni mwa tendo la kwanza, atajua kabla ya Simon kujua, na wimbo mzima wa baba na binti utakuwa na mvuto. Mwishoni mwa wimbo huo Simon anaimba neno “figlia”, yaani binti yangu, kwa noti ya juu na sauti laini kabisa. Mwimbaji asiwe anatembea wala kuinama hapo. Mwacheni asimame kwa miguu yote miwili, uso nusu kuelekea kwa kiongozi wa okestra, Amelia akiwa tayari anatoka.

Tatizo la pili ni Fiesco. Anaingizwa katika ukumbi wa Baraza pamoja na Gabriele, mbele ya Simon, na Simon hamtambui. Katika tendo la tatu atamtambua, tena kwa kuanzia na sauti. Kwa hiyo katika Baraza msimpange Fiesco mkabala na Doge. Mwekeni nyuma ya bega la Gabriele, mlinzi mmoja kati yake na kiti cha enzi, kofia ya joho imeteremshwa hadi kwenye nyusi, na maneno yake ayaelekeze kwa watu wa pembeni. Akisimama mbele waziwazi na taa usoni, mtazamaji makini atauliza kwa haki: huyu Doge ni kipofu?

Umri nao una hesabu yake. Hamhitaji mapumziko baada ya utangulizi ili kuwazeesha watu. Tendo la kwanza linafunguka na wimbo wa Amelia, sauti ya Gabriele kutoka nje, kisha wimbo wao wa pamoja. Fiesco ana takriban robo saa kabla ya kuingia, na Simon ana zaidi kidogo. Inatosha kubadilisha wigi, ndevu na joho kama watu wawili wa maleba wanasubiri pembeni na kila kitu kimepangwa kwa mfuatano. Wekeni mapumziko baada ya ukumbi wa Baraza: takriban saa moja na dakika 20 za muziki kabla, na chini kidogo ya saa moja baada yake. Ila wigi la mvi peke yake halizeeshi. Mpeni Simon wa utangulizi koti fupi na viatu laini vya mtu wa sitahani. Mpeni Doge joho refu la mabega. Joho hilo lisizidi kilo 4, na uzito wake ukae mabegani, usivute kifua, maana mbavu za mwimbaji zinahitaji nafasi. Fiesco tayari awe mtu mzima katika utangulizi, kwenye miaka 50 hivi. Mkimfanya kijana hapo, katika tendo la tatu atakuwa rika la Simon, na uzito wa babu unapotea.

Utangulizi una mtego mwingine: waimbaji wakuu wote ni wanaume wa sauti nzito. Simon na Paolo ni baritoni, Fiesco na Pietro ni besi, na ni usiku. Mtazamaji mgeni husikia sauti nne za kiume gizani na hajui nani kasema. Dawa yake ni maumbo ya miili. Fiesco avae vazi refu lililonyooka hadi chini. Paolo, ambaye katika libreto ni fundi wa nyuzi za dhahabu, awe na vazi fupi la kazi na aproni. Simon awe na koti wazi la baharini. Pietro abaki katikati ya umati. Giza nalo lijengwe kwa rangi: mwanga baridi wa buluu kutoka nyuma, na mwanga wa joto kutoka ubavuni, kwenye kimo cha kichwa, ili nyuso zisomeke. Mkipunguza tu taa zote, mtapata uchovu wa macho ndani ya dakika kumi, na Fiesco ataimba “Il lacerato spirito”, wimbo wake wa baba aliyefiwa, mbele ya watu wanaosinzia.

Hapo pia ndipo muziki wa nyuma ya jukwaa unapoanza kuleta shida. Wakati Fiesco anaimba, kwaya inasikika kutoka ndani ya jumba ikiombea maiti. Baadaye kuna Gabriele na kinubi bustanini, ghasia nje ya Baraza, na kwaya ya harusi katika tendo la tatu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwaya iliyo mita 30 kutoka shimo la okestra husikika ikiwa imechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, hata kama imeimba sawasawa na mkono wa kiongozi. Skrini ya kidijitali ikiwa na ucheleweshaji wake, hali inazidi. Fanyeni hivi: kwaya ifuate mkono wa kiongozi msaidizi peke yake, na msaidizi aongoze mbele kidogo ya mpigo anaouona kwenye skrini. Waimbaji wasifuate okestra wanayoisikia, kwa sababu hiyo tayari imechelewa kuwafikia. Isogezeni kwaya iwe mita 6 hadi 8 nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, kisha mtu aketi safu ya kati ya ukumbi na aseme kama inasikika kutoka mbali au imekuja mbele mno. Fanyeni jaribio hilo okestra ikiwepo. Kwa piano matokeo yanadanganya.

Sasa Baraza. Onyesho hili litengewe angalau theluthi ya mazoezi yote ya jukwaani ya kwaya, hata kama muziki wake ni sehemu ndogo tu ya opera. Simon anawasomea wajumbe ombi la mshairi Petrarch la amani na Venice. Barua za Petrarch zilikuwepo kweli, na Verdi mwenyewe ndiye aliyezipendekeza. Simon anasema Venice na Genoa zina nchi moja ya mama; wajumbe wanajibu kwamba nchi yao ni Genoa. Jibu hilo lipigwe kama mlango unaofungwa: wote wasimame kwa pamoja, wakabaila na watu wa kawaida. Hapa pande hizo mbili zinakubaliana, na zinakubaliana kwenye vita. Mtazamaji akiliona hilo, ameshaelewa Simon anapambana na nini.

Libreto inataka wajumbe 12 wa wakabaila na 12 wa watu. Kwa wanaume 18 hamuwezi, kwani wakati huohuo ghasia za nje nazo zinahitaji sauti za kiume. Gaweni hivi: wanaume 10 jukwaani, watano kila upande, ongezeni waigizaji sita wasioimba, watatu kila upande, mkae na wajumbe 16. Wanaume 8 na wanawake wote 18 wabaki nje kama umati. Waimbaji wakae mbele na wasioimba nyuma, vinginevyo sauti itatoka mahali ambapo midomo haifunguki. Simon anaamuru milango ifunguliwe na kumtuma mpiga mbiu azungumze na umati. Hapa okestra inapungua na ukumbi mzima unasikiliza nje. Jukwaani mtu yeyote asijitikise. Hata upanga mmoja ukigonga benchi utaharibu. Watu wanapoingia kwa kishindo wapitishwe milango miwili, upana wa kila mmoja usipungue mita 2, na benchi ziwe zimefungwa sakafuni. Ajali katika onyesho hili huweza kutokana na benchi inayosukumwa na watu 26 wanaokimbia kwa sketi ndefu.

Baada ya Gabriele kujaribu kumchoma Doge na Amelia kujitupa katikati, Simon anaanza “Plebe! Patrizi!”, yaani watu wa kawaida na wakabaila, na wimbo mkubwa wa wote unajengeka. Pingeni tamaa ya kuwasogeza watu. Ukumbi ukiwa umetulia, macho ya mtazamaji yanatafuta Paolo. Ndiye aliyepanga Amelia atekwe, na Simon ameanza kumshuku. Mwekeni mahali panapoonekana tangu mwanzo, robo ya jukwaa upande mmoja, karibu na mlango, na milango ilindwe na makonsuli wa bahari kama Simon anavyoagiza. Klarineti besi inapoanza mstari wake mzito, kwaya irudi nyuma polepole hadi Paolo abaki peke yake, na mita 3 tupu kila upande. Simon anamlazimisha amlaani mhalifu asiyetajwa, yaani ajilaani mwenyewe. Simon asipige kelele hapa, wala asimguse. Kinachotisha ni kwamba anajua na hasemi, kama Fiesco alivyojua na hakusema katika utangulizi.

Katika tendo la pili kila kitu kinazunguka kikombe. Paolo anatia sumu, Simon anakunywa baadaye sana, na katikati kuna nyimbo za hasira na wivu ambazo humsahaulisha mtazamaji kikombe hicho. Kiwe cha chuma, si kioo, kwenye meza ndogo mbele upande ulio mbali na kitanda au kiti, na kiwe na taa yake nyembamba isiyozimwa. Gabriele akipita karibu nacho katika wimbo wake, vizuri zaidi. Simon anapokunywa anasema hata maji ya chemchemi ni machungu mdomoni mwa anayetawala. Maandishi ya tafsiri ya mstari huo yasitokee kabla hajameza. Na kwa jumla maandishi hayo yawe mistari miwili mifupi, na yamwite Fiesco “Andrea” kila mahali ambapo wengine wanamwita hivyo.

Kuhusu mandhari: kwa bajeti yenu jengeni umbo moja la kudumu. Ukuta wa nyuma wenye uwazi mpana wa upinde unaotazama bahari, ngazi tatu za kina kirefu, kila moja sentimita 15 hadi 17, na mlango mkubwa pembeni. Uwazi huo ukifungwa ni jumba la Fiesco, ukifunguliwa ni bustani, ukiwekewa benchi ni Baraza. Mwaka 1971 Giorgio Strehler na mbunifu Ezio Frigerio waliandaa opera hii La Scala, wakaacha bahari na tanga kubwa vibebe picha nyingi, na maandalizi hayo bado yanatajwa miongoni mwa bora. Bahari yenyewe iko kwenye okestra, hasa mwanzoni mwa tendo la kwanza, alfajiri. Msirushe video ya mawimbi juu yake. Mwendo wa picha hautalingana na mwendo wa vyombo, na sikio litashindwa na jicho. Kitambaa chochote cha mandhari kiwe kimethibitishwa kutoshika moto kwa urahisi, daraja la B1 la kiwango cha DIN 4102. Mienge iwe ya umeme. Moto halisi utahitaji walinzi wa zimamoto kila usiku, na hautawapa chochote ambacho taa nzuri inayocheza haiwezi kutoa.

Tendo la tatu lina agizo la taa ambalo wengi hulipuuza. Mji unasherehekea, kisha kapteni anatangaza mianga izimwe kwa heshima ya waliokufa, na libreto inaelekeza kwamba taa za uwanjani zizimike kidogo kidogo hadi Doge anapokufa isibaki hata moja. Wekeni taa ndogo 20 nyuma ya uwazi na mpange zizimwe kwa mpangilio usio sawa, moja hapa, mbili kule, kwa muda wote uliobaki. Zikizimwa kwa safu itaonekana kama hitilafu ya umeme.

Simon na Fiesco wanapokabiliana mara ya mwisho, geuzeni picha ya utangulizi. Kule Fiesco alisimama juu ya ngazi na Simon alikuwa chini akiomba. Hapa Simon awe juu, dhaifu, ameshika ukingo, na Fiesco aanze chini kwa kiburi. Anapoambiwa Amelia ni nani, Fiesco mwenyewe apande kumfuata. Kulia kwa Fiesco katika “Piango”, yaani nalia, kusiwe na mikono usoni. Besi akiziba mdomo, sauti inakufa shimoni.

Simon asilale chali kabla hajamaliza kuimba. Akae kwenye ngazi ya pili, mgongo ukiegemea goti la Gabriele au mkono wa Amelia upande ambao hauko kwa kiongozi wa okestra. Anamkabidhi Gabriele taji, kisha neno lake la mwisho ni “Maria”. Jina hilo ni la mpenzi wake aliyekufa na pia ni jina halisi la binti aliye mbele yake. Amueni mapema macho yanakwenda wapi, kwa binti au kwenye bahari, na Amelia ajue uamuzi huo, maana mwitikio wake unautegemea.

Siku tano kabla ya ufunguzi, waalikeni watu watano wasioijua opera hii waje kwenye zoezi kamili la maleba, bila kuwapa muhtasari. Wakati wa mapumziko waulizeni mambo matatu tu: Andrea ni nani? Kwa nini Paolo alijilaani? Nani wanajua Amelia ni binti wa nani? Wakikosea la kwanza, rekebisheni vazi na sauti ya Fiesco katika utangulizi. Wakikosea la pili, Paolo amefichwa na kwaya. Wakikosea la tatu, vidani bado ni vidogo au taa ya bustani iko juu mno, na siku tano zinatosha kuyarekebisha yote matatu.